Umeme Ukirudi: Namna ya Kuilinda Kompresa ya AC Nyumbani

Watoto wa mtaa wakishapiga ule ukelele wa "umerudiii!", ndani ya nyumba kila kitu huamka kwa mkupuo: taa, feni, tivii, pampu ya maji na, kule nje ukutani, kompresa ya AC, yaani ile pampu inayosukuma gesi ya kupooza. Taa na feni hazina shida na kuwaka papo hapo. Kompresa inayo. Kama ilikuwa inafanya kazi umeme ulipokatika, inataka kupumzika dakika tatu hadi tano kabla ya kuwashwa tena, na umeme wetu hauna habari hiyo. Unakatika, unarudi baada ya sekunde nane, unakatika tena.

Mgao mkali wa mwishoni mwa 2023 ulilegea pale mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi mwanzoni mwa 2024. Lakini kwa kompresa, mgao wa saa sita haukuwa tishio kubwa. Tishio ni ule wa sekunde chache: transfoma iliyolemewa, mvua ya kwanza ya masika, tawi la mwembe linalogusa waya. Hayo bwawa haliyaondoi.

Maelezo haya ni ya AC za nyumbani za kawaida, kuanzia BTU 9,000 hadi 24,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa AC kupooza), zile zenye mashine ya ndani na ya nje pamoja na zile za dirishani, kwenye nyumba yenye umeme wa njia moja wa volti 230. Aliye Unguja kwa ZECO au Mombasa kwa Kenya Power atayatumia vilevile.

Kwa nini dakika tatu

AC ikiwa inafanya kazi, gesi iko kwenye presha mbili tofauti. Kwenye AC ya gesi R410A, siku ya joto la Dar, upande wa kusukuma hufika psi (kipimo cha presha) 350 hadi 400 au zaidi, na upande wa kuvuta ni kama psi 120. Kwa zile za zamani za R22 ni kama 250 kwa 70. Umeme ukikatika, tofauti hiyo haiondoki hapo hapo. Gesi hupenya polepole kwenye kibomba chembamba hadi pande zote zilingane, na R410A kwenye joto la nyuzi 30 hutulia karibu na psi 260 pande zote mbili. Kupenya huko ndiko kunakokula dakika tatu, wakati mwingine tano.

Mota ya kompresa ya kawaida, ile inayotegemea kapasita moja tu (kijikopo kinachotunza umeme kidogo na kuisaidia mota), ina nguvu ndogo ya kuanzia. Imetengenezwa ianze presha ikiwa sawa. Ukiiwasha kabla ya hapo ni kama kuondoa daladala iliyojaa, katikati ya mlima, kwa gia ya nne. Haizunguki. Na mota isiyozunguka huvuta umeme mara nne hadi sita ya kawaida: AC ya BTU 12,000 inayokula ampea 5 ikiwa kazini inaweza kuvuta 25 au 30 ikiwa imejam. Umeme wote huo hugeuka joto ndani ya waya za mota. Baada ya sekunde chache kikatishi cha joto, ambacho mafundi hukiita ovalodi, kinakata. Utasikia "mmmmm" kisha "tak". Kikipoa kidogo kinarudisha, na mchezo unaanza upya.

Kompresa haifi siku hiyo. Kila mara vanishi inayozifunika waya za mota inaiva kidogo, hadi siku moja inapiga shoti na breka inashuka. Ndiyo maana wengi husema kompresa "imekufa tu yenyewe".

Kuna jambo la pili linalokuja pamoja na hilo. Umeme ukirudi, friji, pampu na AC za mtaa mzima zinaanza kwa wakati mmoja, na volti zinaanguka. Nguvu ya mota kuanza hushuka kwa mraba wa volti. Kwa volti 180 badala ya 230, kompresa inabaki na kama asilimia 61 tu ya nguvu yake ya kuanzia. Kwa hiyo inaombwa kuanza ikiwa na mzigo mkubwa kuliko kawaida, kwa nguvu ndogo kuliko kawaida.

Na si TANESCO peke yao wanaokata. LUKU ikiisha saa tano usiku na tokeni uko nayo kwenye simu, ukishabonyeza zile tarakimu 20 umeme unarudi, na kama una mkono mwepesi hata dakika mbili hazijapita. Chenjiova, ile swichi ya kuhamisha nyumba kati ya TANESCO na jenereta, hukata kwa sekunde moja au mbili tu. Soketi iliyolegea hukata na kurudisha bila mtu kujua. Kompresa haijali nani aliyekata.

Hatua ya 1: Jua kama AC yako ina dilei yake

AC nyingi za rimoti zina dilei, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuwasha kompresa, ya kama dakika tatu kwenye bodi yake ya umeme. Tatizo ni kwamba baadhi ya bodi huhesabu dakika hizo pale tu unapozima na kuwasha kwa rimoti. Umeme ukikatika kabisa bodi inasahau kila kitu, na ukirudi inawasha kompresa mara moja. Kwa hiyo fundi akikuambia "hii ina dilei yake" baada ya kubonyeza rimoti mara mbili, bado hujajua lolote.

Jaribio la kweli ni hili, na halimuumizi mtu wala kompresa:

1. Mchana wenye joto, washa AC, iweke nyuzi 18, iache ifanye kazi dakika kumi.
2. Zima kwenye breka yake au swichi yake ya ukutani. Usitumie rimoti.
3. Subiri dakika kumi kamili. Presha italingana.
4. Mtu mmoja asimame karibu na mashine ya nje. Washa breka, tazama saa. Kama AC haijawaka yenyewe, bonyeza rimoti hapo hapo.
5. Hesabu hadi kompresa ianze. Usidanganywe na feni ya nje. Kompresa ina mngurumo mzito wa chini, na ukiweka kiganja kwenye bati la mashine utausikia mtetemo.

Ikisubiri kama dakika tatu, bodi yako ina dilei ya kuamka na umeme. Ikianza ndani ya sekunde chache, haina. Siri ya kusubiri dakika kumi ni kwamba bodi isiyo na umeme haitofautishi dakika kumi na sekunde kumi. Jibu itakalokupa sasa ndilo itakalokupa umeme ukichezacheza, ila sasa umelipata bila kuijamisha kompresa.

AC za dirishani za kuzungusha kitasa usihangaike kuzijaribu. Nyingi hazina bodi wala dilei. Umeme ukirudi zinaanza papo hapo.

Hatua ya 2: Zuia AC isijiwashe yenyewe

Hii haina gharama. AC nyingi za siku hizi hukumbuka zilikuwa zimewashwa na hujirudisha umeme unaporudi. Ukizima uwezo huo, AC itabaki kimya hadi mtu abonyeze rimoti. Kwenye baadhi ya aina unazima kwa kubonyeza na kushikilia kitufe cha dharura kilicho chini ya mfuniko wa mashine ya ndani, kwa sekunde kadhaa hadi isikike mlio. Aina nyingine zina mpangilio tofauti, na nyingine haziruhusu kabisa. Angalia kitabu chake. Kama kimepotea, tafuta namba ya modeli kwenye kibandiko cha ubavuni na ukipakue mtandaoni.

Kwa chumba cha kulala watu huchukia hili, kwa sababu umeme ukirudi saa nane usiku lazima uamke. Kwa sebule ambayo mchana haina mtu, ningelizima bila kufikiria mara mbili.

Hatua ya 3: Kanuni ya nyumba

Kama huna hela ya kifaa mwezi huu, tumia mikono. Umeme ukikatika, aliye karibu azime swichi ya AC ukutani. Ukirudi, angalia taa: kama zinafifia na kung'aa, volti bado hazijatulia. Zikitulia, hesabu dakika tano ndipo uwashe. Kama ni LUKU iliyoisha, zima AC kwanza ndipo uingize tokeni. Dada wa kazi na watoto waelezwe na sababu yake, si amri tu, maana watoto wakielewa watakuwa wakali kuliko wewe.

Kanuni hii inashindwa mahali pawili: mkiwa mmelala, na umeme unapokatika kwa sekunde moja na kurudi kabla mtu hajainuka kwenye kochi. Hapo ndipo kifaa kinapohitajika.

Hatua ya 4: Chagua kifaa kinachofaa

Madukani utaonyeshwa vitu vitatu, na wauzaji wengi hawatofautishi.

Cha kwanza ni kile cha kuchomeka kwenye soketi, ambacho wengi hukiita frijigadi. Kinasubiri dakika chache umeme ukirudi, na kinakata volti zikiwa chini au juu mno. Kwa friji ni kizuri sana. Kwa AC soma ampea zilizoandikwa mgongoni, maana vingi ni vya friji tu. Na AC ya BTU 18,000 kwenda juu haipaswi kuwa kwenye plagi ya ampea 13 hata kidogo. Ukichomoa plagi na kukuta mguu mmoja umekuwa wa kahawia, jibu umeshalipata.

Cha pili ni kinga ya volti inayofungwa kwenye kisanduku cha breka au kijisanduku chake pembeni, yenye kioo kidogo kinachoonyesha volti. Nyingi zimeandikwa ampea 40 au 63. Hiki ndicho ninachopendekeza kwa nyumba nyingi. Bei yake ni kijisehemu cha bei ya kompresa, unaweka mwenyewe viwango vya kukata na muda wa kusubiri, na unapata nafasi ya kuona umeme wa mtaa wako ukoje hasa. Zipo pia zile za kufungwa ukutani zilizotengenezwa kwa ajili ya AC, za ampea 20 hadi 30. Hizo ni ghali zaidi lakini ni imara na viwango vyake mara nyingi vimeshapangwa.

Usiamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye kifaa cha bei rahisi. Chukua chenye angalau mara mbili ya ampea za AC yako. Kwa AC ya kawaida isiyo inveta (inveta ni ile ambayo kompresa yake hubadilisha kasi), BTU 9,000 hula kama ampea 4, BTU 12,000 kama 5 hadi 6, BTU 18,000 kama 8, na BTU 24,000 kama 11 hadi 12. Namba kamili iko kwenye kibandiko cha mashine ya nje.

Cha tatu ni stabilaiza. Kazi yake ni kuinua au kushusha volti, na nyingi zina dilei ndani. Inunue kama mtaa wako una umeme mdogo kila siku, kwa mfano kila jioni kioo kinasoma 185. Kama shida yako ni kukatikakatika tu, stabilaiza ni hela nyingi kwa kazi ambayo kifaa cha pili kinaifanya. Na stabilaiza iliyolemewa huwa yenyewe chanzo cha kukatika.

Kinga moja ya nyumba nzima au moja kwa kila AC? Kila AC na yake. Ya nyumba nzima inapokata inazima hadi taa na feni, ukae gizani dakika nne bila sababu, na siku ya tatu mtu ataipunguza muda iwe sekunde kumi ili asisumbuke.

Hatua ya 5: Kufunga na kupanga viwango

Kufunga ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya. Wewe simama pale uangalie mambo haya.

Kifaa kikae baada ya breka ya AC, si kabla. Breka iwe ampea 16 kwa BTU 12,000, 20 kwa BTU 18,000, 25 au 32 kwa BTU 24,000. Waya uwe milimita za mraba 2.5 kwa ndogo na 4 kwa BTU 24,000. Upande wa kuingia na wa kutoka umeandikwa kwenye kifaa, mara nyingi kwa mshale. Ukigeuzwa, kioo kinaweza kuwaka vizuri kabisa huku ulinzi haupo. Skurubu zikazwe kwa nguvu: waya uliolegea kwenye kifaa cha kinga huzalisha joto lake mwenyewe na hukata umeme vilevile kama unavyokatwa barabarani.

Kisha viwango. Kwa volti 230 mimi huweka hivi:

Kukata chini: 190
Kurudi kutoka chini: 200
Kukata juu: 255
Kurudi kutoka juu: 250
Muda wa kusubiri: sekunde 240

Kuna mtego hapa. Vifaa vingi vina muda wa aina mbili: wa kusubiri baada ya volti kuharibika, na wa kusubiri umeme unapowaka baada ya kukatika kabisa. Huo wa pili mara nyingi hutoka kiwandani ukiwa sekunde chache tu, na fundi akibadilisha ule wa kwanza anaondoka akiamini amemaliza. Hakikisha vyote viwili vinasoma 240. Kwenye baadhi ya vioo muda uko kwenye ukurasa wa nne au wa tano, lazima ubonyeze kitufe cha mpangilio mara kadhaa kuufikia.

Kama una AC zaidi ya moja, usizipe muda sawa. Chumba cha watoto 180, chako 240, sebule 300. Hapo haziamki pamoja, na volti za nyumba yako haziangukii shimo moja.

Mtaa wako ukiwa na umeme mdogo, utashawishika kushusha kiwango cha kukata hadi 170 ili AC isikatwe. Usishuke chini ya 185 kwa AC isiyo inveta. AC inayokatwa ni kero, lakini inayolazimishwa kwa volti 170 inapikwa.

Hatua ya 6: Jaribu ulichofunga

Rudia jaribio la hatua ya kwanza, mara hii ukitazama kioo. Breka ikiwashwa, namba zinahesabu kushuka, na AC haipati umeme hadi zifike sifuri. Kama bodi ya AC ina dilei yake, utangoja sekunde 240 za kifaa na dakika tatu za bodi juu yake, jumla kama dakika saba. Usianze kubonyezabonyeza rimoti ukidhani imeharibika.

Kisha tazama kioo wakati kompresa inaanza. Kutoka 228 kwenda 220 kwa nusu sekunde ni kawaida. Ikianguka hadi 190 na kifaa kikakata, halafu baada ya dakika nne kikarudia vilevile, usilaumu kifaa. Waya ni mwembamba mno, au kuna kiungo kimelegea kati ya mita na AC, au kapasita imechoka. Kifaa kimekuonyesha tatizo lililokuwepo siku zote.

Nyumba yenye jenereta

Hapa ndipo kompresa nyingi huumia, kwa sababu kuhama kutoka jenereta kwenda TANESCO ni kukatika kwa sekunde moja AC ikiwa kazini. Kwa chenjiova ya mkono, zima AC zote, subiri, hamisha, subiri tena dakika tano. Kwa ile inayohama yenyewe, kinga yenye dilei kwenye kila AC ni lazima, kwa sababu hakuna mtu wa kuzima kwanza. Hakikisha pia kinga hiyo iko upande wa AC baada ya chenjiova. Ikifungwa upande wa TANESCO peke yake, umeme wa jenereta utaingia bila ulinzi wowote, na jenereta ndogo zina tabia ya kupandisha na kushusha volti kuliko hata nguzo ya mtaa.

AC za inveta

Kompresa ya inveta huanza polepole kwa umeme mdogo, na bodi yake kwa kawaida hungoja. Shida ya kuanza ikiwa na presha ni ndogo sana kwake. Kinachoungua kwenye inveta ni bodi ya nje, na kinachoiunguza ni volti za juu umeme unaporudi, au nyutro (waya wa kurudisha umeme) inapokatika barabarani na nyumba kupokea volti zinazokaribia 400. Kwa hiyo kinga ile ile inafaa, ila kiwango cha juu ndicho muhimu. Weka 255 usiongeze. Muda uache palepale, kwa sababu zile sekunde za kwanza baada ya umeme kurudi ndizo zenye volti za vurugu. Na fundi akitaka kuongeza kapasita ya kuanzia kwenye inveta, mkatalie.

Kama imeshaanza kunguruma na kukata

Ukisikia ule mngurumo na "tak" ya kujirudia, au feni ya nje inazunguka lakini ndani inatoka hewa ya kawaida, zima kwenye breka mara moja. Iache saa nzima, si dakika kumi, kwa sababu ovalodi iliyo ndani ya kompresa hupoa taratibu. Ukiwasha ikaanza vizuri, umepona, na sasa unajua kifaa cha hatua ya nne hakiwezi kungoja mwezi ujao.

Isipoanza, mwite fundi, na kitu cha kwanza anachopaswa kupima ni kapasita. Kwa BTU 12,000 nyingi ni za maikrofaradi 30 hadi 35, imeandikwa ubavuni. Ikisoma pungufu sana, au kichwa chake kimevimba, hiyo ndiyo iliyoifanya kompresa ijam, na ni kitu cha bei ndogo. Usiiguse mwenyewe hata kama breka imezimwa, kwa kuwa kapasita hubaki na umeme ndani. Baada ya kapasita apime volti kwenye terminali za mashine ya nje wakati kompresa inajaribu kuanza, kisha waya za mota dhidi ya bati. Fundi anayefika na mtungi wa gesi mkononi kabla hajapima hata kimoja kati ya hivyo vitatu, mpe soda, mshukuru, mtafute mwingine.